Jiunge

Duka moja la vitenge liliniandikia barua pepe juzi: "Mpendwa msajiliwa wetu." Nikajikuna kichwa. Nimesajiliwa lini, na nani? Ninachokumbuka ni kuacha anwani yangu kaunta ili nitumiwe risiti.

Kosa limo kwenye kitenzi. Anayesajiliwa ametendwa, kama mtoto anayeandikishwa shule. Anayejiunga ametenda mwenyewe, na kile kisilabi "ji" ndicho kinachobeba ridhaa yote. Vifurushi vya simu vilishatufundisha: usipojiunga, hupati dakika. Tena kuunga ni neno la jikoni. Mboga ya nazi haiungwi kwa pupa. Tui humiminwa huku unakoroga, la sivyo litakatika. Orodha ya barua pepe hukua hivyo hivyo. Unampa mtu sababu ya kuingia, labda bei za mzigo mpya kabla haujapangwa dukani, unamwomba athibitishe, kisha unamwandikia pale tu unapokuwa na la kusema. Anayenunua anwani elfu kwa mkupuo amekatisha tui: barua zake zitaishia kwenye kapu la barua taka.

Kujiondoa nako kuna "ji". Tangu 2024, Gmail na Yahoo huwataka wanaotuma barua kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Barua ya vitenge haikuwa nayo. Nilipouliza, nikajibiwa kwa upole: "Usijali mzee, tutakuondoa."