Moyo Kabla ya Uvimbe: Dawa za Nano na Hoja ya Mshale

Kila nanoteknolojia inapotajwa pamoja na saratani, mfano wa mshale haukosi kufuata. Dawa hufungwa ndani ya chembe yenye upana wa nanomita mia moja hivi, chembe huingia kwenye damu, huusaka uvimbe na kuupiga, na viungo vingine vyote hubaki salama. Mfano huu umefungua mifuko ya wafadhili kwa miongo kadhaa. Mwaka 2016 ulipata pigo. Stefan Wilhelm, Warren Chan na wenzao wa Chuo Kikuu cha Toronto walikusanya tafiti za muongo mmoja zilizofanywa kwa wanyama, wakakadiria ni kiasi gani cha chembe zilizodungwa kilifika kwenye uvimbe. Kiwango cha kati kilikuwa asilimia 0.7, yaani chembe saba katika kila elfu. Tangu hapo wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaosema uwanja mzima umekula fedha bure, na wapo wanaosema mshale unolewe zaidi, uvalishwe kingamwili au usukumwe kwa sumaku. Ninadai hapa kwamba pande zote mbili zinapima jambo lisilo lenyewe. Dawa za nano zilizofika wodini zimewafaa wagonjwa hasa kwa sababu ya mahali zisipokwenda, na hapo ndipo thamani yake ingepaswa kupimwa.

Chimbuko la mfano wa mshale halina ubishi mkubwa. Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, wakiwa Kumamoto, Japani, walieleza kwamba mishipa ya damu ndani ya uvimbe huota kwa pupa na kuacha nyufa; molekuli kubwa hupenya humo, na kwa kuwa limfu ya uvimbe haiondolewi vizuri, hukwama. Ubishi unaanza pale uchunguzi huo, ambao ulikuwa wa wanyama, ulipogeuzwa kuwa kanuni ya saratani zote. Kundi la Toronto lilirudi mwaka 2020 na kuonyesha kwamba hadi asilimia 97 ya chembe huingia kwenye uvimbe kwa kubebwa na seli za kuta za mishipa zenyewe, wala si kwa kupenya nyufa. Hata kabla ya hapo ushahidi wa binadamu ulikuwepo, ila haukusikilizwa sana. Mwaka 2001 Kevin Harrington na wenzake waliwadunga wagonjwa 17 liposomu, yaani vijifuko vya mafuta, zenye alama ya mionzi. Kwa kila kilo ya uvimbe, saratani za kichwa na shingo zilipokea wastani wa asilimia 33 ya dozi, zile za mapafu asilimia 18, na za matiti asilimia 5 tu. Mtu aliyezisoma tarakimu hizo asingeendelea kuzungumzia uvimbe kana kwamba ni wa aina moja.

Dawa inayostahili kuchunguzwa kwa karibu ni Doxil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995 kutibu sarkoma ya Kaposi kwa watu wenye UKIMWI. Kiini chake ni doksorubisini, dawa kongwe yenye rangi nyekundu, inayoua seli za saratani lakini hulimbikiza madhara kwenye msuli wa moyo dozi baada ya dozi, hadi daktari analazimika kuisimamisha hata pale inapofanya kazi. Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon, walioianza kazi hii Jerusalem, waliifunga ndani ya liposomu, kijifuko cha mafuta. Ndani ya kijifuko huwekwa chumvi ya amonia salfeti. Doksorubisini hupenya ukuta, hukutana na salfeti na kuganda kama fuwele, hivyo haitoki kirahisi. Nje, kijifuko huvalishwa nyuzi za polietilini glikoli zinazokivutia maji na kukificha kwa muda dhidi ya seli walinzi wa ini na wengu. Matokeo yake ni kwamba doksorubisini tupu hutoka kwenye damu na kusambaa mwilini ndani ya dakika chache, ilhali iliyofungwa huzunguka kwa siku mbili na zaidi. Muda wote huo moyo unaguswa kidogo, kwa sababu mishipa yake imeshonwa vizuri na kijifuko hakipiti.

Mwaka 2004 ilichapishwa ripoti ya Mary O'Brien na wenzake kuhusu wanawake 509 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, waliogawanywa kwa nasibu kupewa ama Doxil ama doksorubisini ya kawaida. Kama hoja ya mshale ni sahihi, uvimbe ndio ungetoa ushahidi. Haukutoa. Ugonjwa ulitulia kwa miezi 6.9 kwa waliopewa Doxil na 7.8 kwa wengine. Maisha yakawa miezi 21 dhidi ya 22. Tofauti ilijitokeza kwingine kabisa. Hatari ya moyo kudhurika ilikuwa mara tatu zaidi kwa doksorubisini ya kawaida. Nywele ziliwanyonyoka asilimia 66 ya waliopewa dawa ya kawaida na 20 ya wenzao. Kutapika, 31 dhidi ya 19. Mtafiti anayesaka mshale husoma ripoti hii kama habari ya kushindwa. Mgonjwa anayejua kwamba saratani yake haitapona, na kwamba miezi aliyobakiwa nayo ataiishi ama akiwa na pumzi ya kupanda ngazi ama akihema kitandani, ana sababu ya kuisoma vingine.

Pingamizi moja ni zito. Waliopewa Doxil walipata miligramu 50 kwa mita mraba kila wiki nne, wenzao 60 kila wiki tatu. Kwa wiki ni 12.5 dhidi ya 20. Kama dawa pungufu ilileta matokeo yaleyale, je, si ushahidi kwamba iliufikia uvimbe vizuri zaidi? Huenda kwa kiasi fulani. Lakini dawa inayokaa kwenye damu kwa siku kadhaa huupa uvimbe nafasi nyingi za kuinywa bila kulengwa popote. Tena mshale wa kweli ungeleta ushindi ulio wazi, ilhali uchambuzi wa mwaka 2016 uliojumuisha majaribio 14 haukuona liposomu ikiishinda dawa ya kawaida katika kuzuia saratani. Pingamizi la pili ni sarkoma ya Kaposi yenyewe. Huko Doxil ilishinda kweli: mwaka 1998, katika jaribio la wagonjwa 258, vidonda vilipungua kwa asilimia 46 ya walioipata dhidi ya 25 ya waliopewa mchanganyiko wa dawa tatu za zamani. Ila uvimbe huo hutokana na seli zilezile zinazotanda mishipa, na una nyufa nyingi kuliko uvimbe mwingine. Ushindi huo ni wa Kaposi, na ilikuwa kosa kuutumia kuahidi ushindi kwenye matiti au kongosho.

Ulinzi huu nao una gharama yake. Kijifuko kinachoukwepa moyo huishia, pamoja na kwingine, kwenye ngozi ya viganja na nyayo, ambako shinikizo na msuguano huikamua dawa. Katika jaribio la 2004 asilimia 48 ya waliopewa Doxil walipata wekundu, kuvimba na malengelenge hapo, dhidi ya asilimia 2 ya wengine. Kwa karani anayekaa ofisini hilo linavumilika. Kwa mwanamke anayeshika mpini wa jembe asubuhi na kutembea pekupeku hadi kisimani, kiganja kilichochubuka ni msimu uliopotea. Fasihi ya nano huyaorodhesha madhara haya kwa uzito uleule popote pale, na mimi naona hilo ni pungufu la kisayansi, si la ubinadamu tu: sumu hupimwa kwa kazi ambayo mwili huo unatakiwa kuifanya.

Afrika Mashariki ina sababu ya pekee ya kulishika suala hili, kwa kuwa sarkoma ya Kaposi ni ya hapa tangu kabla ya VVU. Hata hivyo, jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2020, lenye washiriki 334 kutoka Kenya, Uganda na nchi nyingine nne, halikuijumuisha Doxil. Lililinganisha paklitakseli, etoposidi, na bleomisini pamoja na vinkristini, na paklitakseli ikashinda. Wenye shaka watauliza dawa ya nano inahitajika ya nini, hasa ikizingatiwa kwamba katika jaribio dogo la Marekani la mwaka 2010, lenye wagonjwa 73, paklitakseli na Doxil zilikaribiana kwa nguvu. Nakubali kwamba kwa hoja ya nguvu pekee, dawa ya bei nafuu ndiyo ichaguliwe. Lakini paklitakseli ya kawaida huyeyushwa kwa kiyeyusho kitokanacho na mafuta ya mbarika, kinachoweza kuleta mzio mkali, kwa hiyo mgonjwa hutangulizwa deksamethasoni, dawa ya steroidi. Na dawa za jamii hiyo zinajulikana kuichochea sarkoma ya Kaposi. Doxil haidai utangulizi huo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza liposomu hii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2023, kwa ajili ya ugonjwa huu, na tangu 2013 Marekani imeidhinisha toleo lake lisilo la chapa, linalotengenezwa na kampuni ya India. Kinachokosekana ni jaribio linaloziweka paklitakseli na liposomu bega kwa bega katika zahanati zetu, likihesabu, pamoja na vidonda vilivyopungua, mioyo iliyodhurika, mishipa ya fahamu iliyokufa ganzi, siku za shambani zilizopotea, na chupa zilizoharibika kwa sababu friji haikubaki kati ya nyuzi 2 na 8.