Mtu aliyeshika kichwa cha kombaini

Leo tuiache intaneti kidogo tuende shambani, tukipitia Industrial Area.

Nimekulia Kaloleni. Baba alikuwa akivuka reli kila asubuhi kwenda kuchomelea vyuma katika karakana ya mashine za kilimo. Mimi nikasomea kompyuta. Mwaka jana karakana moja ndogo huko huko iliniomba niandike programu ya kuinua na kushusha kichwa cha kombaini, yaani ile sehemu ya mbele yenye kisu cha kukata ngano. Mashine ilikuwa ikisubiriwa Narok, na mvua ilikuwa karibu.

Kazi yenyewe inaonekana rahisi, sivyo? Kisu kikiwa juu mno, masuke yanabaki shambani. Kikiwa chini mno, kinakula mawe na udongo.

Haya, turudi nyuma. Hiram Moore na John Hascall walipata hataza ya mashine ya kukata na kupura pamoja huko Michigan, Marekani, mwaka 1836. Baadaye, kwenye kombaini kubwa za California zilizovutwa na farasi, kulikuwa na mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa hiyo tu: kutazama ngano iliyo mbele na kupandisha au kushusha kichwa. Mwaka 1938 Massey-Harris walitoa kombaini namba 20 iliyojiendesha yenyewe, na mwaka 1944 kombaini 500 za aina iliyofuata zilivuna Marekani kutoka kusini hadi kaskazini wakati wa vita. Dereva mmoja alishika usukani na kichwa pia. Yule mtu wa kichwa alipoteza kazi, lakini kazi yake haikupotea. Ilihamia kwenye mkono wa dereva, kisha kwenye springi na mafuta ya haidroliki, na sasa imefika kwetu waandishi wa programu.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kimo: ngano iliyosimama hukatwa juu ya ardhi, kwa hiyo unapima umbali. La pili ni uzito unaoigusa ardhi: maharagwe ya soya, au mazao yaliyolala, hukatwa chini kabisa, na kichwa huteleza juu ya viatu vya chuma. Springi, au mtungi wa gesi uliounganishwa na mafuta, hubeba sehemu kubwa ya uzito na kuiachia ardhi sehemu ndogo tu. Ukiacha uzito mwingi, kichwa kinasukuma udongo kama tingatinga, hasa ukiwa umelowa. Ukiacha kidogo mno, kinarukaruka na kuacha mazao.

Sasa aibu yangu. Programu yangu ilisoma kipimo, ikaona kosa la milimita chache, ikafungua valvu. Mafuta huchelewa kidogo, kwa hiyo kichwa kilipita kimo kilichotakiwa, nayo ikaamuru kirudi. Kikapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi, hadi mpira wa mafuta ukapasuka. Siku mbili zikapotea.

Baba, ambaye amestaafu, alikuja kutazama. Akaniuliza, "Mwanangu, umemwachia nafasi ya kupumua?" Akanionyesha springi ya zamani: tuta dogo halikuishughulisha, tuta kubwa liliinua kichwa. Nikaongeza mistari michache tu ya kuiambia programu ipuuze makosa madogo, na isogeze polepole inapokaribia kimo. Kwikwi ikaisha.

Kombaini ilifika Narok kabla ya mvua.

Lord Delamere alianzisha Unga Limited mwaka 1908, na tangu hapo ngano ya Kenya imepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kuwa chapati ya Kaloleni. Mmoja wao ni yule mtu wa kichwa, ambaye jina lake halikuandikwa popote. Wenzangu waandishi wa programu, kabla ya kuandika mstari wa kwanza, mtafuteni aliyeifanya kazi hiyo kwa mkono. Mimi nilimkuta nyumbani.