Mtoto ameanza kutambaa? Kagua nyumba yako leo, na simu yako pia

Kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku nyumba nyingi huwa na pilikapilika. Jiko linawaka, maji ya kuoga yanachemka, ndoo zimejaa, na mtoto ana njaa na usingizi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo anapopewa simu "atulie kidogo".

Shida ni kwamba simu inamtuliza mtoto, haimchungi. Katuni ikiisha au bando likikata, anainuka na kufuata kitu cha kwanza kinachong'aa. Na kwa urefu wake, kinachong'aa mara nyingi ni sufuria, betri au chupa yenye rangi.

Hii ni orodha fupi ya mambo ya kukagua nyumbani, iwe una nyumba nzima au umepanga chumba kimoja.

Anza kwa kupiga magoti

Piga magoti mlangoni, kisha zunguka nyumba ukiwa chini hivyohivyo. Utaona vitu ambavyo ukisimama huvioni: waya wa pasi unaoning'inia, kitambaa cha meza kinachovutika na chupa ya chai juu yake, sumu ya panya nyuma ya kabati.

Kumbuka pia mtoto anabadilika haraka. Wa miezi 6 anatia kila kitu mdomoni. Wa miezi 9 anatambaa na kujivuta asimame. Wa mwaka mmoja na nusu anapanda kiti. Sehemu iliyokuwa salama mwezi uliopita, leo huenda anaifikia.

1. Moto na vitu vya moto

Jiko la mkaa au la gesi likiwa sakafuni, sufuria inakuwa usawa wa uso wa mtoto. Ukiweza, liweke juu ya meza imara isiyoyumba. Kama haiwezekani, weka mpaka: laza benchi mlangoni, au pika upande ambao mtoto hafiki.

Mengine ya kuzingatia:

- Geuza mikono ya sufuria na kikaango ielekee ukutani.
- Usimbebe mtoto mgongoni wala mkononi unapokaanga au kumwaga maji ya moto.
- Kwenye beseni la kuogea, tangulia na maji baridi, kisha ongeza ya moto. Pima kwa kiwiko kabla ya kumweka mtoto.
- Hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo isiachwe sakafuni, hata kwa dakika moja.
- Kama upo peke yako, mpe mtoto uji au chakula chake kabla hujawasha jiko la chakula cha usiku. Mtoto aliyeshiba hafuati sufuria sana.

*Akiungua:* mwondoe kwenye moto, mvue nguo na bangili au shanga zilizo karibu na jeraha, ila nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Poza sehemu hiyo kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Huna bomba? Mimina kwa kopo, polepole, bila kuacha. Sehemu nyingine ya mwili ifunike asishikwe na baridi.

Usipake dawa ya meno, yai, unga, asali wala mafuta. Vinashikilia joto, vinaweza kuleta maambukizi, na daktari atalazimika kuviondoa. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, au liko usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, au ameungua kwa umeme.

2. Mafuta ya taa kwenye chupa ya maji

Huu ni mtindo wa nyumba nyingi: mafuta ya taa yanapimwa dukani, yanatiwa kwenye chupa ya soda au ya maji, yanawekwa chini ya meza. Mtoto wa miaka miwili hawezi kujua. Kwake chupa ya maji ni maji.

Hali ni hiyohiyo kwa sabuni ya maji na dawa ya kung'arisha nguo zinazouzwa kwa kupimiwa. Usihifadhi kemikali yoyote kwenye chupa ya kinywaji. Tafuta dumu lisilofanana na chupa za kunywea, liandike, lifunge vizuri na liweke juu. Vidonge vya bibi na vya mama navyo vitoke kwenye mkoba na chini ya mto.

*Akinywa mafuta ya taa:* usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula ili atapike. Hatari kubwa ya mafuta ya taa ni kuingia kwenye mapafu, na akitapika yanapata nafasi nyingine ya kuingia huko. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mwahishe hospitali na ubebe chupa aliyokunywa. Akikohoa au kupumua kwa shida, usisubiri kuona kama itapita.

3. Ndoo ya maji nayo ni kina kirefu

Ukisikia "kuzama" unawaza bahari au mto. Lakini mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye sentimita chache tu za maji. Kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili. Akiinama kwenye ndoo ya lita 20 na kutumbukia, hana nguvu za kujitoa. Na mara nyingi anazama kimya, bila kulia.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema watoto wa mwaka 1 hadi 4 ndio wenye viwango vya juu zaidi vya vifo vya kuzama duniani. Kwa hiyo:

- Mwaga maji ya kuogea na ya kufulia mara tu unapomaliza.
- Ndoo na pipa la akiba vifunikwe kwa mfuniko unaobana, si sahani.
- Kisima na shimo la maji machafu vifunikwe, hata kama ni vya jirani. Ongea naye.
- Usimwache mtoto peke yake kwenye beseni ukapokee simu. Mbebe, nenda naye.

4. Vitu vidogo: ubuyu, karanga, betri

Mbegu ya ubuyu ni ngumu, inateleza na inatosha kabisa kuziba koo la mtoto. Karanga, bisi, pipi ngumu na zabibu nzima ni hivyohivyo. Kwa walio chini ya miaka 5, karanga zisagwe na zabibu zikatwe kwa urefu. Mtoto ale akiwa amekaa, si akikimbia.

Halafu kuna betri bapa za mviringo kama sarafu, zinazokuwa kwenye rimoti na midoli inayoimba. Ikikwama kooni, inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2 tu. Hakikisha kifuniko cha betri kina skrubu. Kama kimelegea, kifunge kwa gundi ya karatasi. Ukihisi amemeza, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama anacheza vizuri.

*Akipaliwa:* kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kama hatoi sauti wala hapumui, fanya hivi:

- Chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa kikiwa chini zaidi ya mwili. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Mgeuze, mkandamize mara 5 kwenye mfupa wa katikati ya kifua.
- Zaidi ya mwaka 1: mwinamishe mbele, mpige mgongoni mara 5. Kisha simama nyuma yake, ngumi iwe juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta kwa ndani na juu mara 5.

Rudia mpaka kitu kitoke, huku mwingine akiita msaada. Usiingize kidole mdomoni kutafuta usichokiona. Unaweza kukisukuma ndani zaidi.

5. Hewa ya chumbani usiku

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto, hata likiwa limebaki na makaa machache. Moshi wake una hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na mtu aliyelala haamki kuitambua.

Kwa gesi, ukisikia harufu usiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka na watoto nje.

Simu: nani anamchunga nani?

Mwaka 2019 WHO ilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka 5. Chini ya mwaka 1, hakuna skrini. Mwenye mwaka 1 naye haishauriwi. Kuanzia miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unashauri kwamba mtoto anapokuwa ametulia, asomewe au asimuliwe hadithi na anayemlea.

Maana yake simu si adui. Ila inafaa zaidi baada ya kula, ukiwa umekaa naye, kuliko wakati wa kupika ukiwa umempa kisogo.

Pa kuanzia kwa hadithi za Kiswahili, bila malipo:

- African Storybook: mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una vitabu vya picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo.
- StoryWeaver: wa Pratham Books ya India, nao una hadithi za Kiswahili za viwango tofauti.
- Akili and Me: katuni za Ubongo, shirika la Tanzania, kwa watoto wa miaka 3 hadi 6.

Kabla hujampa simu: pakua hadithi mapema, zima data, na funga skrini kwenye programu moja. Kwenye Android tafuta "App pinning", kwenye iPhone "Guided Access". Weka pia nywila ya kununua kwenye duka la programu. Na asitazame simu ikiwa kwenye chaji.

Bando limekwisha? "Paukwa!" "Pakawa!" bado haina gharama, na Sungura na Fisi hawahitaji mtandao.

Nani mwingine anajua haya?

Mchana mtoto yuko na dada wa kazi, bibi au kaka yake wa miaka 10. Waonyeshe hatua hizi kwa vitendo, hasa za kuungua na kupaliwa. Bandika ukutani namba za dharura (112 kwa Tanzania, 999 au 112 kwa Kenya), ya kituo cha afya kilicho karibu, na ya dereva wa bajaji au bodaboda anayepokea simu usiku.