Kabla ya kuivisha Gede miwani, tuitazame Olorgesailie

Sisi wa Pwani tuliohamia Kitengela kutafuta riziki huulizwa sana na jamaa kama huku bara kuna la kutazama mbali na viwanda na malori ya barabara ya Namanga. Lipo. Nenda mpaka Isinya, kata kulia kuelekea Kiserian, kisha shika barabara ya Magadi uteremke Bonde la Ufa. Olorgesailie iko huko, ndani ya kaunti hii hii ya Kajiado, kiasi cha kilomita 70 kutoka Nairobi. Ni makumbusho ya wazi chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na kwa rai yangu ni pahali pazuri pa kujifunzia jambo ambalo siku hizi nalisikia kila zinapotajwa Fort Jesus, Gede au Lamu: uhalisia mseto.

Maana ya neno hilo iliwekwa mwaka 1994 na Paul Milgram na Fumio Kishino. Chukua mstari. Mwisho mmoja ni dunia tunayoikanyaga, mwisho wa pili ni dunia iliyotungwa yote na kompyuta, ile iitwayo uhalisia pepe. Katikati ndio mseto: unaona ukuta wa kweli, na juu yake, kupitia simu au miwani maalumu, unaona dari iliyoanguka zamani imerudi mahali pake. Kamera na vihisio hupima sakafu, kuta na mwendo wako, ndiyo maana ukisogea picha haikufuati bali inabaki pale ilipowekwa.

Sasa Olorgesailie. Mwanajiolojia J. W. Gregory aliona mawe ya kuchongwa hapo mwaka 1919. Louis na Mary Leakey wakaanza kuchimba 1942, na badala ya kubeba kila kitu kupeleka Nairobi, shoka nyingi za mawe ziliachwa palepale zilipolala, pakajengwa ujia wa mbao juu yake. Mgeni wa leo husimama kwenye mbao hizo akatazama lundo la mawe katika udongo mkavu, jua la utosi, mbuzi kwa mbali. Wengi hupiga picha mbili wakaondoka. Wasichokiona ni ziwa. Udongo ule mweupe ni mabaki ya mwani mdogo wa majini. Maji yalijaa na kukauka mara nyingi, majivu ya volkano yakamwagika juu, na tabaka hizo zinaanzia miaka milioni 1.2 iliyopita hadi kiasi cha 490,000.

Kazi ya mbunifu inaanzia hapo: aulize jicho linakosa nini, kisha aongeze hicho tu. Simu ikielekezwa bondeni, ioneshe ufuko wa ziwa ulipofika. Shoka zisifunikwe na picha yoyote. Ziko pale, na ndizo zilizomleta mgeni. Wabunifu wengi huharibu hapa. Hujaza wanyama wanaonguruma, muziki, na kikatuni kinachopunga mkono, hata mtu akasahau kutazama jiwe lenyewe. Jumba la historia ya viumbe la Paris lilikuwa na sababu bora ya kuleta wanyama katika onesho lake la Revivre mwaka 2021: wanyama wale wametoweka duniani, na wageni walivalishwa miwani ili wawaone ukumbini kana kwamba wamerudi.

La pili ni ukweli wa kinachooneshwa. Mwaka 2003 watafiti walipata Olorgesailie vipande vya fuvu la kiumbe aliyeishi kiasi cha miaka 900,000 iliyopita. Ni paji na ubavu wa kichwa; uso haupo. Mchoraji wa kompyuta atatia pua, midomo, nywele na rangi ya ngozi, na mtoto wa shule atatoka akiamini amemuona mtu yule. Waandishi wetu wa tarekhe walikuwa na adabu yao: palipo na shaka waliandika wallahu aalam. Programu nayo iwe na wallahu aalam yake. Kilichochimbwa kioneshwe kwa rangi kamili, kinachokisiwa kiwe hafifu mfano wa kivuli, na mgeni aweze kukizima kwa kidole.

Gede tuna vya hakika vya kuanzia. Kaburi moja lina tarehe yake, mwaka 802 Hijria, sawa na 1399. Msikiti Mkuu umesimama bila paa, na kuurudishia paa katika kioo cha simu ni kazi njema. Kuweka vikatuni vinavyorukuu ili mtalii apige navyo picha ni jambo jingine kabisa, na adhana si mlio wa kupambia. Maimamu na wenyeji waulizwe kabla ya mchoro wa kwanza, si siku ya kukata utepe. Vivyo hivyo Olorgesailie: ningependa sauti ya kwanza mgeni aisikie iwe ya Kimaasai.

Kuhusu vifaa sina maneno mengi. Miwani ya HoloLens 2 ya Microsoft ilitangazwa 2019 kwa dola 3,500, na mwaka 2024 kampuni ikasema haiitengenezi tena. Kwa jua la Magadi, simu ya mgeni mwenyewe na kibanda cha kivuli vinatosha. Faili apakue kabla hajafika, na tableti chache ziwepo za kuazima.

Kinachonikosesha usingizi ni umiliki. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na vipimo vya namna hiyo ndivyo malighafi ya kazi hii yote. Ukipimwa msikiti wa babu zako, nakala itakaa wapi? Nani ataruhusiwa kumuuzia mtengenezaji wa michezo ya video? Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni, basi mkataba uandikwe kamera ikiwa bado ndani ya begi.

Wapo wanaosema picha za pande tatu zitamaliza ugomvi wa vitu vilivyochukuliwa na wakoloni. Mathalan Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyo katika ghala la British Museum tangu 1908. Yawezekana kuipima kesho na kuionesha Hola ikizunguka hewani. Lakini ngoma ile ilifichwa pahali patakatifu; watu wa kawaida waliusikia mlio wake tu, hawakuiona. Na wazee wa Kipokomo walichoomba ni ngoma yenyewe.