Kinanda, Ngoma na Silabi: Juu ya Kazi ya Padre Stephen Mbunga

Mwenye kuichunguza historia ya Kiswahili huzoea kuutafuta ushahidi wake katika tenzi, nyaraka na habari za miji. Iko aina moja ya maandishi ambayo husahauliwa mara nyingi, nayo ni nota za nyimbo za kanisani zilizotungwa na mapadre na walimu wa Kiafrika. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba nota hizo ni ushahidi wa lugha, wala si wa muziki peke yake, na kwamba yapasa zikusanywe. Mfano wetu ni Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika, mtunzi wa Misa Baba Yetu, ambaye pia aliandika kwa Kiingereza kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, kilichopigwa chapa Uswisi mwaka 1963.

Yafaa tuanze na neno kinanda. Kwa watu wa pwani, kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, jamaa ya gambusi, iliyopigwa katika ngoma na karamu. Wamisionari walipoleta ala yao yenye mivukuto na vibao vya kubonyeza kwa vidole, wenyeji hawakuazima jina la kigeni. Walilipanua neno walilokuwa nalo. Baadaye neno hilo hilo likaitwa hata santuri. Hivyo ala iliyohesabiwa kuwa takatifu kuliko zote katika makanisa ya Ulaya ilipata huku jina lililotoka karamuni. Jambo hilo halikuwasumbua wasemaji. Lililosumbua lilikuwa ngoma, nayo ilizuiwa na sheria.

Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pio wa Kumi alitoa agizo juu ya muziki mtakatifu. Humo muziki wa sauti za watu ulipewa nafasi ya kwanza, kinanda kikaruhusiwa kuusindikiza, na ala za makelele, ngoma zikiwamo, zikakatazwa. Sheria hii iliwafikia Wakristo ambao kwao ngoma haikuwa makelele bali kipimo cha wimbo wenyewe. Tarehe 25 Desemba 1955 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliwahimiza wamisionari watumie nyimbo takatifu zilizo katika lugha na sauti zinazozoeleka kwa wenyeji. Ndipo tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukasema, katika kifungu cha 119 cha hati yake ya liturujia, kwamba muziki wa kimapokeo wa mataifa upewe heshima na mahali pake. Kifungu kinachofuata chakitukuza kinanda, lakini chaziruhusu ala nyingine pia zikifaa kwa ibada.

Kitabu cha Padre Mbunga kilitoka mwaka ule ule wa 1963. Msomaji aweza kushangaa kwa nini mtunzi wa nyimbo aliandika juu ya sheria. Jibu li katika habari tuliyokwisha kuieleza: aliyetaka wimbo wake uimbwe altareni ilimpasa kwanza aonyeshe kwamba hauvunji agizo. Tena lataka kuangaliwa neno alilolichagua. Bantu ni neno la elimu ya lugha, lililoenezwa na Bleek katika karne ya 19. Kwa kusema muziki wa Kibantu, Padre Mbunga aliuwekea muziki mpaka ule ule uliowekwa na wataalamu wa lugha, kana kwamba wimbo na usemi ni wa ukoo mmoja.

Je, ni kweli kwamba ni wa ukoo mmoja? Katika Kiswahili nguvu ya sauti huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ila maneno machache yaliyoazimwa hutoka nje ya kanuni hii. Kwa nguvu hiyo twapambanua barabara iendayo Morogoro na barabara yenye maana ya sawasawa. Sasa, tuni nyingi za Kizungu huanza kwa pigo dhaifu na kufuatiwa na pigo la nguvu. Neno baba likitiwa humo, nguvu huangukia silabi ya mwisho, na sikio la msemaji hukataa. Maneno baba yetu yana silabi nne, nguvu ikiwa katika ya kwanza na ya tatu. Yajitaka yenyewe mwendo wa kuanza kwa pigo.

Zaidi ya hayo, katika mtu na nchi, herufi ya kwanza ni silabi kamili, tena ndiyo yenye nguvu. Mtunzi lazima aipe nota yake. Katika mbingu, m haisimami peke yake, wala haidai nota. Mfasiri mgeni aliyehesabu vokali tu aliweza kuibana mtu katika nota moja. Msemaji huisikia mbili. Kwa hiyo kila karatasi ya nota iliyotungwa na mwenyeji yatuambia jinsi alivyozisikia silabi zake, na tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu haziwezi kutuambia hilo kwa uwazi kama huo.

Majirani wetu walikuwa katika kazi hiyo hiyo. Missa Luba, iliyotengenezwa Kamina, Kongo, mwaka 1958 chini ya Padre Guido Haazen, ilishika sauti za Kiafrika lakini maneno yake yalibaki ya Kilatini. Basi suala la silabi zetu halikuzuka. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda, asiyekuwa padre, alitunga kazi kubwa juu ya Mashahidi wa Uganda, nayo iliimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Yeye alikuwa na Kiganda, lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, na mzigo wake ulikuwa mzito zaidi.

Leo, katika parokia za Kimara na vitongoji vingine vya Dar es Salaam, kinanda ni cha umeme, na ngoma husikika kando yake bila ugomvi. Lakini nota za watunzi wa kwanza hupita mkono kwa mkono, nakala ya nakala, mara nyingi bila jina wala mwaka. Miswada ya tenzi iliwahi kuwa katika hali hiyo majumbani mwa watu, mpaka ikakusanywa na J. W. T. Allen na wenzake, na orodha yake ikapigwa chapa mwaka 1970. Nota zastahili kazi kama hiyo. Kila karatasi iandikiwe mahali ilipopatikana na jina la mtunzi; alama za kalamu zilizotiwa na walimu wa kwaya zisifutwe, maana mara nyingi hizo ndizo zisahihishazo silabi; na wazee waliouimba wimbo huo warekodiwe wangali hai. Kimara si mbali na Mlimani, na kazi yaweza kuanzia hapo.