Kazi ya Mjerumani

Stesheni ya reli ya Qingdao ina mnara wa saa, paa la vigae vyekundu lililoinuka sana, na pembe zilizopambwa kwa mawe ya itale. Ipo hatua chache tu kutoka baharini. Mpwa wangu, anayesomea mambo ya uvuvi katika mji ule, aliniambia kabla hata sijaigusa: "Mjomba, hii siyo yenyewe. Ile ya Mjerumani waliibomoa miaka ya tisini mwanzoni, wakajenga hii kwa sura ile ile ili wapate nafasi." Nikasimama pale nikayatazama mawe. Yamechongwa vizuri, yamenyooka, na yamechongwa na Wachina ambao baadhi yao huenda ni wadogo kwangu kwa umri.

Stesheni ya Kigoma, yenye matao yake na baraza zake ambako watu hulala juu ya viroba vya dagaa wakisubiri treni, ni yenyewe. Haijabomolewa, haijanakiliwa. Ilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa utawala wao, na mpaka leo ukitoka mlangoni unaliona ziwa.

Nayasema haya kwa sababu kwetu Simbo kuna msemo usiokosekana kwenye mazungumzo yoyote ya kitu kibovu. Daraja likisombwa na mvua za kwanza, pampu ya kisima ikigoma, mzee mmoja atatikisa kichwa na kusema: hii siyo kazi ya Mjerumani. Marehemu baba alikuwa kwenye genge la reli upande wa Luiche, na aliyasifu mataruma ya chuma ya Reli ya Kati kuliko alivyowahi kutusifu sisi watoto wake. Msemo huo nimelelewa nao. Ukoo uliponichangia nauli nikamtembelee kijana, niliyetaka kumwona, baada ya kijana mwenyewe, ni huyo Mjerumani, maana nilishasoma kwamba Qingdao na Kigoma ni miji ya mkono mmoja.

Qingdao iko jimbo la Shandong, pwani ya kaskazini mwa China, kwenye Bahari ya Njano. Wajerumani waliipata kwa hila iliyopangika vizuri. Mtaalamu wao wa jiografia, Ferdinand von Richthofen, alikuwa ameshaisifu Ghuba ya Jiaozhou: kina kizuri cha maji, na makaa ya mawe bara. Kilichokosekana ni kisingizio. Tarehe 1 Novemba 1897 wamisionari wawili wa Kijerumani wakauawa huko Shandong, na wiki mbili hazijatimia, tarehe 14, Admirali Diederichs akashusha askari Qingdao bila kupigana. Machi 1898 China ikalazimishwa kutia saini mkataba wa kuikodisha ghuba ile kwa miaka 99.

Sisi hatukukodishwa. Mwaka 1896 walisimamisha kituo cha kijeshi Ujiji, kwisha. Ujiji ilikuwa na wenyewe: ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, mji wa Mwinyi Kheri na baadaye wa Rumaliza, wa pembe za ndovu na wa watu waliofungwa minyororo. Miembe ya barabara ile ipo mpaka leo, na wageni hupelekwa kuona mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini kwa meli Ujiji haikufaa. Ufuko wake uko wazi, upepo ukivuma hakuna pa kujificha, na ziwa lenyewe lilikuwa limerudi nyuma tangu maji yalipofumua njia ya mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, mnamo miaka ya 1870. Mjerumani akatazama kaskazini kidogo, akaona ghuba yenye kina iliyokingwa na milima. Hiyo ndiyo Kigoma. Kigezo ni kile kile cha Jiaozhou: tafuta maji ya kina, kisha yafikie kwa reli.

Na reli zikaja. Ya Shandong ilianza 1899, ikafika Jinan 1904, kilomita zipatazo 400, ikipita kwenye makaa ya mawe. Yetu ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, kilomita kama 1,250. Wazee wanapozisifu reli hizi huanzia kwenye chuma. Mimi naanzia kidogo nyuma. Huko Gaomi, kwenye njia ya reli ya Shandong, wanakijiji waling'oa vigingi vya wapimaji kwa sababu tuta la reli lingezuia maji yasitoke mashambani na lilikuwa linakatiza makaburini. Walijibiwa kwa risasi, mara ya kwanza 1899 na tena mwaka uliofuata. Huku kwetu, mwaka ule ule wa kuanza Reli ya Kati ndio mwaka wa Maji Maji. Haikuwa vita ya reli, lakini kodi na kazi ya shuruti vilitoka kwenye ofisi zile zile.

Mji wenyewe wa Qingdao waliupanga kwa rula. Afisa mmoja, Wilhelm Schrameier, alitunga sheria ya ardhi ambayo mpaka leo inasomwa vyuoni. Serikali ilinunua mashamba ya wanavijiji kwa bei ya kabla ya Wajerumani kufika, ikayauza kwa mnada, ikatoza kodi ya asilimia 6 ya thamani kila mwaka, na mtu akiuza kiwanja chake kwa faida, theluthi ya faida ni ya serikali. Sun Yat-sen aliutembelea mji huo mwaka 1912 akausifu sana. Sheria safi, nakubali. Ningependa ipite Kigoma leo kwa hawa wanaoshikilia viwanja miaka nenda miaka rudi bila kuweka hata tofali. Ila wanavijiji waliouza mwanzo hawakuonja hiyo theluthi. Na Mchina hakuruhusiwa kuishi upande wa wazungu. Wafanyabiashara walikaa Dabaodao, vibarua wakapelekwa Taidong. Nilizunguka Dabaodao na kijana. Nyumba zake ni za ghorofa chache zinazozunguka ua, na kila familia ilikuwa na chumba kinachotazama ua huo. Mtu aliyekulia kwenye nyumba za kupanga za Mwanga, kwetu Kigoma, haoni ugeni pale.

Kitu kimoja cha Mjerumani kilichobaki hai ni bia. Kiwanda kilianzishwa 1903, na bia ya Tsingtao inauzwa dunia nzima. Mimi situmii, lakini nilichokiona sijakisahau: jioni mtu anatoka dukani ameshika mfuko wa nailoni uliojaa bia ya pipa, umefungwa fundo, unaning'inia kwenye kidole kama maji ya kandoro. Wanaipima kwa mizani. Mwenye duka anaweka mfuko, anafungua bomba, povu linapanda, anasubiri lishuke, anaongeza, anafunga. Pembeni kuna beseni la chaza wadogo wanaotema maji, ambao bila hao watu wa pale hawanywi bia. Sisi wawili tukavuka barabara tukaingia kwenye hoteli ndogo ya tambi za supu ya ng'ombe, yenye maandishi ya Kiarabu mlangoni. Hoteli za namna hiyo ni za Waislamu wa huko China bara, wa kaskazini-magharibi, na ziko kila mtaa. Mzee wa pale aliponisikia nikisema bismillahi aliniongezea nyama.

Turudi kwenye vita, maana hapo ndipo miji hii miwili ilipoachana njia. Qingdao ilianguka tarehe 7 Novemba 1914, baada ya kuzingirwa na Wajapani wakisaidiwa na Waingereza. Kigoma ilidumu zaidi. Meli ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku elfu kadhaa na kuletwa kwa bahari na kwa reli, iliundwa upya kwenye ghuba yetu na kushushwa majini Februari 1915. Wabelgiji waliingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, na kabla hawajafika, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe.

Halafu ukaja mwaka 1919. Mkutanoni Paris wakubwa waliamua kwamba mali za Mjerumani huko Shandong apewe Mjapani. Habari zilipofika Beijing, wanafunzi waliingia barabarani tarehe 4 Mei, na China ikakataa kutia saini mkataba wa Versailles. Mwaka 1922 Qingdao ikarudi mikononi mwa Wachina. Leo kuna uwanja mkubwa ufukweni unaoitwa kwa tarehe ile ya 4 Mei, na katikati yake sanamu nyekundu ya chuma, ya urefu wa mita 30, mfano wa upepo unaozunguka. Watoto walikuwa wanarusha tiara chini yake.

Mwaka ule ule wa 1919 Mwingereza na Mbelgiji walikuwa wanagawana kwetu. Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji, Kigoma kwa Mwingereza, na mwaka 1921 Mbelgiji akapewa eneo lake bandarini Kigoma na lingine Dar es Salaam, milele, kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka. Maeneo hayo yakaitwa Belbase. Mpaka uhuru watu walilitaja jina hilo, na Mwalimu Nyerere ndiye aliyesema nchi huru haifungwi na mkataba wa milele uliotiwa saini na mkoloni. Hatukuandamana mwaka 1919. Hatukujulishwa.

Sasa nifike kwenye grisi. Kila mtu Kigoma anajua kwamba mafundi wa Kijerumani, kabla ya kuizamisha Götzen, waliipaka mitambo grisi nene ili siku moja waje kuiinua. Hii ni kweli. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo iko vizuri, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Nilipomsimulia mwalimu mmoja wa mpwa wangu, mama wa makamo anayekijua Kiingereza, alicheka mpaka akashika meza. Kumbe na wao wanayo ya kwao. Inasimuliwa China nzima kwamba mafundi wa jiji la Qingdao walikosa kipuri cha mfereji wa maji machafu wa Kijerumani, wakaiandikia kampuni Ujerumani, wakajibiwa: chimbeni ndani ya mita tatu, mtakuta kipuri kimeviringishwa kwenye karatasi ya mafuta. Wakachimba, wakakikuta, kinang'aa.

"Uongo mtupu," mama yule alisema. Mifereji ya Mjerumani iliyobaki ni kipande kidogo sana cha mtandao mzima. Karibu yote inayofanya kazi sasa imechimbwa na jiji lenyewe. Lakini hadithi haifi, na mvua kubwa ikinyesha mji mwingine ukafurika, Wachina huandika mitandaoni: laiti tungekuwa na mifereji ya Mjerumani.

Kwa hiyo hesabu imekaa hivi. Grisi ya Qingdao ni ya hadithi, ya Kigoma ni ya kweli. Stesheni ya Qingdao ni nakala, ya Kigoma ni halisi. Liemba iliendelea kubeba abiria na mihogo na mananasi mpaka iliposimamishwa 2018 kwa matengenezo, zaidi ya miaka mia moja tangu ishushwe majini. Tukipima kwa alichokiacha Mjerumani kikiwa kizima, Kigoma ingekuwa mbele. Kama kazi ya Mjerumani ndiyo inayojenga mji, ni Wachina ambao wangekuja kushangaa kwetu.

Kinachojenga mji ni kile wenyeji wanachokifanya na walichoachiwa, na mfano mzuri ni Sifang. Hii ilianza kama karakana ya reli ya Wajerumani Qingdao, mnamo 1900. Wajapani waliishika, Wachina wakairithi, hawakuigeuza makumbusho. Waliiongezea mashine na wanafunzi. Miaka ya sabini, wakati Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, ilipojengwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, vichwa vyake vya kwanza vya dizeli vilitoka kwenye karakana hiyo. Leo inaunda treni za mwendokasi. Na karakana yetu ya reli? Baba aliniambia walikuwa wakifundishwa kutunza, hawakufundishwa kuunda. Wakati ule niliona ni sifa.

Sasa reli nyingine inakuja. Mkataba wa kipande cha SGR cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022 na kampuni mbili za China, moja ikiwa ni CCECC, iliyochipukia kwenye ile ofisi iliyosimamia ujenzi wa TAZARA. Nikiwasikia wazee wa Simbo, hukumu imeshatoka: Mchina hamfikii Mjerumani. Nimewaeleza habari za stesheni, za mifereji na za Sifang. Mmoja aliniuliza huko China mawese yanauzwa bei gani. Kijana wa jirani, aliyekuwa anasikiliza muda wote bila kusema, akanifuata baadaye kuniuliza kama kwenye kambi ya ujenzi wa reli hiyo wanachukua mafundi wa kuchomelea. Nikamwambia aende na cheti chake cha VETA, na asikubali kuishia kubeba vyuma. Aulize ni nani anayefundishwa mashine ya kuunganisha reli, naye aombe kusimama hapo.