Dari la gari, si paa lake

Ukipeleka Volkswagen Beetle ya zamani kwa fundi wa viti ukamwambia "nibadilishie paa," usishangae akikuuliza kama unataka bati likatwe. Paa ni lile bati la juu linalopigwa na jua na mvua. Kitambaa kilicholegea hadi kumgusa dereva kichwani ni dari. Gereji nyingi husema silingi, nami siwalaumu, ila dari ndilo neno linalofaa zaidi.

Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu na Unguja, dari hubebwa na boriti za mikoko. Katika Beetle, kitambaa hubebwa na vyuma vyembamba vilivyopinda, vinavyopitishwa kwenye mapindo yaliyoshonwa upande wake wa juu. Fundi makini hutia alama kila chuma kabla ya kukitoa, kwani vyuma hivyo havilingani. Kimoja kikirudishwa pasipo pake, kitambaa hakikazi. Vioo vya mbele na nyuma hutolewa pia, maana kingo za kitambaa hugandishwa kwa gundi chini ya mpira wa kioo. Hapo ndipo bei inapopanda.

Magari ya baadaye yana ubao uliobandikwa kitambaa chenye sponji. Sponji ikichakaa hugeuka unga, na gundi mpya haishiki juu ya unga. Sharti ikwanguliwe yote kwanza. Ubao huo nao ni dari. Basi mwambie fundi dari. Akijibu silingi, mmeelewana.